Nyambizi ya Baba Sydney

Joash Were hajawahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyakanyaga ni ya mto Nzoia kule karibu na Mumias, tena yalimfika magotini tu, akatoka mbio kwa kuogopea viatu. Lakini ukimuuliza nyambizi inabeba betri ngapi, ikizama mita mia hewa yake inakaa saa ngapi, au rafadha ya manowari inasikikaje ikipita juu ya kichwa chako, atakueleza mpaka chai ipoe, na ukijaribu kuaga atakushika mkono. Ndiyo maana majirani zake wa mtaa wa Amalemba, Kakamega, humsalimia huku wakitembea.

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari. Mwaka wa tisini na nane ofisi zilibadilisha mashine, zile kuukuu zikauzwa kwa wafanyakazi, naye akajipatia kompyuta moja. Aliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, akaisukuma hadi nyumba za wafanyakazi taratibu, kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Mkewe, Edah, alidhani ni televisheni. Alipoambiwa kwamba haitoi habari wala kwaya, alirudi jikoni, na tangu siku hiyo akawa anaiita "sanduku lako".

Ndani ya sanduku hilo karani fulani alikuwa amesahau gemu moja. Aliyeigundua ni Sydney, kifungua mimba wao, akiwa na miaka tisa. Ilikuwa gemu ya vita vya zamani vya baharini. Wewe ni nahodha wa nyambizi: unatoka bandarini, unavizia meli za adui, unazipiga topido, kisha unazama na kunyamaza huku manowari zikikutafuta juu. Picha zake zilikuwa za rangi chache tu, bahari ni mstari na meli ni vijisanduku. Mtoto wa leo angeicheka. Lakini ilikuwa na jambo moja lililomnasa Joash, nalo ni betri. Nyambizi ikiwa juu ya maji hutembea kwa injini ya dizeli na kuchaji betri zake. Ikizama, betri ndizo zinazoisukuma, na zikiisha umekwisha. Mtu aliyeshinda kazini na nyaya na chaji, akirudi nyumbani akakuta tena nyaya na chaji, atafanya nini kama si kuvuta kiti?

Basi wakagawana kazi. Sydney alishika darubini na topido, Joash akakaa kushoto kwake kuangalia mishale ya betri. Gemu ilikuruhusu kuwapa mabaharia majina, na kijana akayaandika yote kwa herufi kubwa. Nahodha, SYDNEY. Mpishi, MAMA. Msikilizaji wa sauti, MITCHEL, yaani dada yake mdogo, aliyekuwa bado ananyonya. Fundi wa betri, BABA. Wakajiwekea na sheria moja ya nyumba: hakuna kurudia. Gemu yenyewe haikujali; ukizama ungeweza kurudi pale ulipohifadhi na kujaribu upya. Kwao haikuwa hivyo. Nahodha akizama amezama, jina linafutwa, unaanza na mwingine.

"Tukirudiarudia," Sydney alisema, "si itakuwa mchezo tu?"

Sydney hakuzama hata mara moja. Joash, alipocheza peke yake na nahodha wake mwenyewe, alizama mara kumi na tisa, na zote kwa kosa lile lile: hakuweza kukaa chini akatulia. Kimya kikizidi kidogo tu, alipandisha darubini achungulie, na manowari ilikuwa inamngoja hapo hapo. Kijana alikuwa akimcheka. "Baba, wewe unapendanga kuona. Kaa tu. Sikiliza."

Mwaka wa 2013 Sydney, akiwa na miaka ishirini na minne, alipata kazi ya ulinzi katika nchi za Ghuba. Familia ilikuwa imeshahamia Amalemba. Asubuhi ya kuondoka, mabegi yakiwa mlangoni, alikaa kwenye kompyuta akingoja gari. Alikuwa kwenye doria yake ya thelathini na moja, chini kabisa, manowari mbili zikizunguka juu yake. Honi ikalia nje. Akabonyeza kuhifadhi, akasimama, akavaa koti.

"Baba, usiguse hii yangu," alisema. "Nitarudi niitoe mwenyewe."

Joash hakuigusa.

Kwa miaka mitatu simu iliingia kila Jumapili. Edah alitaka kujua kanisa gani anasali, Mitchel alitaka picha, na Joash swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote: "Umekula?" Hata kijana akipiga saa sita ya usiku wa huko, babake alitaka kwanza kusikia habari za sufuria. Kisha Jumapili moja ya mwaka wa 2016 simu haikuingia, wala iliyofuata. Baada ya miezi minne alipatikana kijana mmoja wa Matungu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja. Alisema Sydney na wenzake walipanda chombo cha mizigo kwenda nchi nyingine kutafuta kazi iliyo afadhali, na chombo hicho hakikufika kokote. Hakikuonekana hata ubao.

Katika ukoo wa akina Were, mtu akifa mbali na mwili usipatikane, huzikwa mgomba. Hukatwa shina la mgomba wa pale pale nyumbani, likafungwa shuka, likawekwa kaburini pamoja na nguo ya marehemu, watu wakalia, mambo yakaisha. Edah aliutaka mgomba huo. Alikuwa mtu wa kuona jambo lilivyo na kuliita kwa jina lake. "Nipe mahali pa kung'oa nyasi, Baba Sydney," alimwambia mumewe. "Hilo tu. Mahali nitainama."

Joash alikataa. Alisema kijana hajamaliza. Alisema mtu haachi kazi katikati kama hana nia ya kurudi, na mwenyewe alisema atarudi, kila mtu alimsikia. Edah aliliangalia lile sanduku, akamwangalia mumewe, akatoka kwenda kuanua nguo. Mwaka wa 2019 alifariki kwa presha, akazikwa Matungu kwenye shamba la miwa la familia, na upande wake wa kulia ikaachwa nafasi ya kaburi moja, tupu. Joash huenda kule mara mbili kwa mwaka, na kila akienda hupita upande wa kushoto.

Tangu hapo anaishi peke yake. Mitchel ameolewa Lugari, wanalima mahindi, na humpigia babake simu mara kwa mara, lakini simu haili na mtu. Joash hupika ugali wa sahani mbili, kwa mazoea, akala sahani moja na ya pili akampelekea mbwa wa jirani. Jioni hutembea hadi kwenye duka la Jerotich kununua maziwa, na njiani watu wazima kwa watoto humwita jina lile lile: Baba Sydney, habari ya jioni, Baba Sydney, umepotea. Zamani alilipenda sana jina hilo. Sasa kila likitajwa, kitu ndani yake husimama kuangalia mlango.

Jumapili moja mwezi wa nane, baada ya kanisa, kakake Willis alikuja kutoka Matungu. Willis ni mkulima wa miwa na ndiye mkubwa wa mji ule. Hakula vizuri. Aliinyofoa ingokho, kuku wa heshima aliyechinjiwa, akarudisha kipande kwenye sahani, akasema lililomleta.

"Mtoto wa Mitchel analianga kila jioni. Miezi miwili sasa. Mama mkwe wake amemtajia majina ya wazee wote, pande zote mbili. Alipotaja Sydney, mtoto akanyamaza."

"Alinyamaza kwa sababu amechoka," Joash alisema.

"Hata kama. Jina ameshachagua. Na jina la mtu hajazikwa hatuwezi kupatia mtoto. Unajua hiyo."

Joash aliendelea kufinyanga tonge lake la obusuma, ule ugali wao, ingawa lilikuwa limeshafinyangika.

"Jumamosi tunazika mgomba," Willis alisema. "Nimekuja kukuambia, sikuja kukuuliza. Lakini kwetu anayekata mgomba ni baba. Ukikosa kuja nitaukata mimi, na itakuwa aibu yetu wawili."

"Willis, kijana yuko chini. Aliniambia nisiguse. Alisema anakuja kuitoa."

Kaka mtu aligeuka kuliangalia sanduku pembeni mwa sebule, limefunikwa kitambaa cha kudariziwa, kazi ya mikono ya Edah. Hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka.

"Miaka nane, ndugu yangu," alisema. "Na Edah alikufa akiomba tu mahali pa kung'oa nyasi."

Baada ya Willis kuondoka, Joash aliiwasha kompyuta, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgeni kuhakikisha kitanda bado kipo. Orodha ya manahodha ikatokea. SYDNEY juu, JOASH wa ishirini chini yake. Na tangu mwezi uliopita kulikuwa na jambo jingine pia. Ile diski ya ndani, inayotunza kila kitu, ilikuwa imeanza kukwaruza. Alikuwa amempelekea Kibet, fundi wa kompyuta wa karibu na stendi, naye, chipsi mkononi, akaweka sikio kwenye bati, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii iko karibu kukufa. Wiki moja, mwezi mmoja, sijui. Naweza kujaribu kuhamisha vitu vyake, lakini ni ya zamani sana, inaweza kunifia mikononi."

Joash aliibeba akarudi nayo nyumbani. Hangeweza kumwacha Sydney afie mikononi mwa mtu anayekula chipsi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yamesimama hivi: akiigusa, amevunja neno la mwanawe, asipoigusa, siku yoyote mashine itakufa na kijana atabaki kule chini milele, si mzima wala si marehemu, na mgomba utazikwa Jumamosi huku babake akijua kwamba wamezika uongo. Alilizungusha jambo hilo kichwani Jumatatu nzima. Mchana alichoma uji. Saa kumi hivi alijikuta amesimama mbele ya kioo cheusi akizungumza kwa sauti, kama anayejitetea mbele ya chifu.

"Darubini ni yako. Topido ni zako. Sitazigusa," alisema. "Lakini betri ni zangu. Uliandika mwenyewe."

Jumanne asubuhi, baada ya chai, alivaa hedifoni, akachagua jina la mwanawe, akabonyeza.

Diski ilikwaruza mara moja, mara mbili, kioo kikajaa rangi ya kijani ya chumba cha nyambizi. Ilikuwa asubuhi ile ile ya 2013, haikuwa imesogea hata dakika. Mita mia na ishirini. Hewa ya saa tano. Betri asilimia kumi na moja. Joash alipoiona hiyo kumi na moja alishika kiuno. Kijana alikuwa amemwachia betri tupu, na hakusema.

Juu manowari mbili zilikuwa zikizunguka. Zilisikika vizuri, rafadha zikichapa maji, na ule mlio wao mwembamba wa kutafuta, tiing, kisha kimya, kisha tiing tena. Mikono ya Joash ilitaka kufanya kile ilichofanya mara kumi na tisa. Badala yake alifanya kazi ya fundi. Alizima kila kilichoweza kuzimwa, pampu, feni, taa, akaacha mota moja ikizunguka polepole mno kiasi cha kuizuia nyambizi isishuke zaidi. Kisha akaweka mikono chini ya mapaja na kuikalia.

Alikaa saa nzima. Mabomu yalianguka mara mbili, kioo kikatikisika, naye hakusogea. Alisimama mara moja tu, kwa ncha za vidole, kwenda kuzima redio ya jikoni. Usimuulize redio ya Amalemba ingesikikaje na manowari ya miaka ya arobaini. Aliizima.

Katikati ya saa ya pili mlango uligongwa.

"Baba Sydney! Baba Sydney!" Ilikuwa sauti ya Jerotich mwenye duka. Jana yake hakwenda kuchukua maziwa, na mzee anayeishi peke yake akikosa maziwa siku moja, watu huanza kuhesabu. "Baba Sydney, uko ndani?"

Joash alifumba macho. Tiing. Hakuweza kujibu. Jerotich aligonga tena, akazunguka nyumba, na uso wake ukatokea dirishani, viganja vikikinga mwanga.

"Ai, kumbe uko! Mimi naita mpaka koo inakauka, nikisema mzee ameanguka..."

Joash aliweka kidole mdomoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Jerotich aliteremsha sauti bila kujua kwa nini.

"Ni nini?"

"Kijana," Joash alinong'ona. "Yuko chini. Wanamtafuta."

"Kijana nani?"

"Sydney."

Jerotich ameishi Amalemba miaka ishirini. Alimjua kijana yule akiwa amevaa sare ya shule, na alichanga kwa ajili ya mazishi ya mama yake. Aliiangalia ile kompyuta kuukuu, akamwangalia mzee aliyekalia mikono yake mwenyewe.  Aliipenyeza pakiti ya maziwa kati ya nondo za dirisha, akaiweka polepole isigonge kitu, akavua ndara zake, akaondoka miguu mitupu, ndara mkononi.

Kwenye saa tano na nusu asubuhi mlio wa manowari moja ulianza kusikika kwa mbali. Kisha ule wa pili ukaondoka. Kikawa kimya, na hapo ndipo Joash huzamia siku zote. Betri ilisoma asilimia nne. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia apande achungulie. Akahesabu hadi mia sita, akahesabu tena. Alijua kungoja, huyu mzee. Alikuwa amengoja miaka minane bila kulalamika. Lakini kule kulikuwa kungoja kwa kutofanya lolote. Huku kulikuwa kungoja kwa kumshika mtu mkono, na hakujua kama kungechosha namna hii.

Betri ilipofika mbili alipandisha nyambizi. Bahari ilikuwa tupu pande zote. Aliwasha dizeli, mshale wa chaji ukaanza kupanda, naye akavua hedifoni na kulia kwa sauti, akijifuta kwa kitambaa cha Edah.

Kutoka pale hadi bandarini ilikuwa safari ya saa thelathini na nne. Gemu ina kitufe cha kukimbiza saa; ukikibonyeza siku inapita kwa dakika moja, na katika miaka yote yeye na Sydney walikitumia bila kuwaza. Joash alikiangalia kitufe hicho asubuhi ya Jumatano na hakukigusa. Mtu anayerudishwa nyumbani hakimbizwi. Gari linalombeba huenda polepole, na wanaomsindikiza hukaa naye mwanzo hadi mwisho, hawamwachi peke yake njiani.

Akakaa naye. Saa kumi na mbili asubuhi alianza, saa kumi na mbili jioni akahifadhi na kulala. Aliivuta meza ili akiwa jikoni akipika aweze kukiona kioo. Hakukuwa na cha kuona, mstari wa maji na nambari za mwendo, lakini alizungumza naye. Alimweleza kwamba Mitchel ameolewa na mtu mpole asiyejua kuchinja kuku. Alimweleza kwamba kijia cha kwenda dukani sasa kina lami. Habari za mama yake aliziahirisha Jumatano yote, na Alhamisi mchana akazisema, moja kwa moja, pamoja na ile ya nyasi na nani aliyekataa.

Alasiri hiyo mawingu yalipanda kutoka upande wa msituni kama kawaida ya Kakamega, mvua ikaja na radi, stima ikapotea. Joash alikuwa amehifadhi dakika mbili kabla. Alikaa mbele ya kioo cheusi saa nzima bila kugeuza kichwa, na stima iliporudi diski ilikwaruza mara tatu, ikasimama, ikakwaruza mara ya nne. Alikuwa ameshika ile meza kana kwamba ndiyo itakayozama. Kioo kikawaka. Bahari ikarudi.

Ijumaa saa kumi na moja jioni nchi kavu ilitokea, mstari wa kahawia mnene kuliko wa maji. Aliipunguza mwendo nyambizi na kuiingiza bandarini kwa ustaarabu wote aliokuwa nao. Kitabu cha doria kikafunguka chenyewe. Doria ya thelathini na moja, imekamilika. Waliokufa, hakuna. Na majina yakashuka moja moja, kila moja likifuatiwa na neno la kusema amerudi salama: SYDNEY, MAMA, MITCHEL, BABA. Chini yake swali. Nahodha atoke tena, au apumzike?

Joash alisimama. Jambo kama hili halifanywi mtu amekaa. Akabonyeza apumzike.

Kisha akaizima mashine inavyotakiwa, akachomoa waya, akaleta bisibisi yake ya kiwandani. Skrubu nne. Diski ilitoka ikiwa bado na joto kidogo.

Jumamosi alfajiri alipanda boda boda hadi Matungu, panga mgongoni limefungwa gunia. Willis alikuwa amesimama kwenye njia ya miwa, na alipomwona ndugu yake akishuka alivua kofia. Joash alipita kwenye migomba iliyoko nyuma ya jiko, akauchagua ulionyooka, akaukata kwa mapigo matatu. Waliufunga shuka jeupe. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa mkono wa kulia wa Edah, udongo mwekundu umerundikwa. Mzee wa kanisa aliomba, Mitchel na mashangazi walilia, mtoto mgongoni naye akalia kwa sababu zake.

"Nguo yake," Willis alisema kwa sauti ya chini. "Umeleta?"

Joash aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa cha kudariziwa. Kilikuwa kidogo na kizito.

"Hiyo ni nini?"

"Ndiye yeye," Joash alisema. "Amefika jana, saa kumi na moja jioni."

 Willis akasogea, akampisha mahali pa kupiga magoti. Joash aliinama, akakiweka kifuani pa mgomba, na kabla hajasimama aligeukia kaburi la pili lililoota nyasi na kusema maneno ambayo wengine hawakuyasikia vizuri. Alikuwa akimwomba Edah msamaha kwa kuchelewa.

Aling'oa nyasi pale hadi saa saba, makaburi yote mawili, ingawa moja halikuwa na nyasi bado.

Jumapili alirudi Amalemba. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo hakuijua, kwa sababu sasa hakukuwa na mtu wa kungojwa. Alipika ugali, akajikuta amepika wa sahani mbili. Alikaa mbele ya kompyuta, na kwa mazoea tu akaiwasha. Ilihangaika kidogo, ikaandika kwa herufi nyeupe kwamba haioni diski yoyote. Aliyasoma maneno hayo mara nyingi. Alikuwa na miaka sitini na saba, na kwa mara ya kwanza alijikubalia kwamba mwanawe amekufa. Ilimuuma kama habari ya leo.

Simu ikalia. Ilikuwa Mitchel, tayari Lugari, na nyuma yake kelele za kuku na sufuria.

"Baba, ulifika salama?"

"Nilifika. Mtoto? Ameacha kulia?"

"Ai, wapi. Analia tu vile vile. Amelala tangu saa nane, lakini naona..." Akasema kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu daraja jipya kwa mguu mmoja. "Baba, Sydney ameamka."

 Mitchel alidhani mtandao umekatika, akaita, "Baba? Baba?"

"Niko," alisema, akajipangusa uso. "Amekula?"